Kosa la kusimama: sheria zetu za ukahaba zinakataza nini hasa?

Muulize abiria yeyote wa daladala Dar es Salaam kama ukahaba ni kosa la jinai, atakujibu ndiyo bila hata kukugeukia. Wa matatu Nairobi atasema hivyo hivyo. Kisha chukua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, au Sura ya 63 ya Kenya, utafute kifungu kinachosema kwamba mtu mzima akikubaliana na mtu mzima mwenzake wakalala kwa malipo, mlango umefungwa, wametenda kosa. Utapekua mpaka uchoke. Hakipo.

Kilichopo ni vifungu vilivyolizunguka tendo hilo pande zote. Kuna kosa la kusimama barabarani kutafuta wateja, kosa la kuishi kwa fedha za ukahaba, kosa la kuweka danguro, na kosa la kumwingiza mtu kwenye biashara hiyo. Tendo lenyewe limeachwa katikati, halikuruhusiwa kwa maneno wala halikukatazwa. Uganda ndiyo iliyoshika njia nyingine. Huko sheria inasema wazi kuwa kufanya ukahaba ni kosa, na anayetiwa hatiani anaweza kufungwa miaka 7.

Hoja yangu ni kwamba sheria ya kusimama na kushawishi hadharani, jinsi ilivyoandikwa kwetu, inamwadhibu mtu kwa kile anachodhaniwa kuwa, si kwa alichotenda. Na kwa kuwa haidai ushahidi wa maana, imewapa polisi, mgambo na viongozi wa wilaya kazi nyepesi ya kuonyesha kwenye kamera, huku kazi ngumu ya kumkamata kuwadi ikilala. Nazungumzia watu wazima tu. Mtoto hana hiari ya kujiuza, na sheria zilizo kali kwa wanaomtumia mtoto ziendelee kuwa kali.

Tuanze na kifungu cha 176(a) cha Tanzania. Kinasema kwamba mtu ambaye ni kahaba, akifanya fujo au mambo ya aibu hadharani, au akizurura au kushawishi watu mahali pa umma kwa ajili ya ukahaba, atahesabiwa kuwa mzembe na mzururaji. Ukikisoma harakaharaka utadhani kosa ni kuzurura. Kisome tena. Ninyi wawili mkisimama kwenye kona moja, saa moja, mkitazama magari yale yale, kosa linamwangukia yule tu ambaye tayari ni kahaba. Upande wa mashtaka unatakiwa uthibitishe kwanza yeye ni nani, ndipo uthibitishe alikuwa anafanya nini.

Hilo la kwanza linathibitishwaje? Hakuna daftari la serikali lenye majina yao. Mteja haitwi kutoa ushahidi, maana naye ana mke nyumbani na kazi ofisini. Kinachobaki ni neno la askari: kwamba eneo hilo linajulikana, kwamba ilikuwa saa nane usiku, kwamba sketi ilikuwa fupi, kwamba kwenye pochi kulikutwa kondomu. Mhudumu wa baa aliyefunga hesabu Sinza akasimama kungoja bodaboda ana sifa zote hizo nne. Hakuna hata moja kati yake ambayo ni kosa peke yake, lakini zikipangwa pamoja na askari aliyechoka zinatosha kumlaza mtu mahabusu.

Kenya kifungu kinachofanana na hicho, cha 182(a), ni chembamba zaidi, kwa sababu kinamgusa kahaba anayefanya fujo au uchafu hadharani, si anayesimama tu. Pengo hilo limezibwa na sheria ndogo za majiji. Sheria ndogo za Nairobi za mwaka 2007 kuhusu kero zinakataza kusimamasimama au kuwasumbua watu barabarani kwa ajili ya ukahaba, na wanaozisimamia ni kanjo, yaani askari wa kaunti. Mwishoni mwa 2017 bunge la kaunti likapitisha hoja ya kupiga marufuku ukahaba jijini, na waliozisikia habari hizo wengi wakaamini sheria mpya imezaliwa. Hoja ya bunge la kaunti haiundi kosa la jinai wala haimpeleki mtu jela. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi mpaka wa sheria hapa unavyochorwa na matangazo kuliko na vifungu.

Asubuhi ya mahakamani ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa kuwa hapo ndipo kasoro yote inapojificha. Mwanamke ameshushwa kwenye karandinga akiwa na nguo za jana. Karani anasoma shtaka, hakimu anauliza kama ni kweli au si kweli. Akisema si kweli, kesi inapangiwa tarehe, anatakiwa wadhamini wenye barua ya serikali ya mtaa, na barua hiyo itamlazimu mjumbe na majirani wajue anashtakiwa kwa lipi. Akikosa wadhamini anarudi rumande wakati mtoto yuko kwa jirani tangu jana jioni. Akisema ni kweli, analipa faini na mchana yuko nyumbani. Anasema ni kweli. Mimi ningesema ni kweli.

Kukiri huko kuna matokeo mawili. Kwanza, ushahidi wa askari haupimwi kamwe. Hakuna anayemuuliza alijuaje, alimsikia akitaja bei gani, kwa nani. Kifungu kinaweza kuishi miongo tisa bila kukutana na wakili hata mmoja aliyejiandaa. Pili, hukumu ya leo inakuwa ushahidi wa kesho. Akikamatwa tena, sasa ni kahaba anayejulikana, amekiri mwenyewe, rekodi ipo. Sifa ambayo serikali ilitakiwa kuithibitisha kwa taabu, mshtakiwa ameitoa bure kwa sababu alitaka kuwahi nyumbani.

Na hao ni wale wanaofika mahakamani. Kosa hili halina mlalamikaji. Hakuna aliyeibiwa wala aliyepigwa atakayekwenda kituoni kuuliza kesi yangu imefikia wapi. Askari ndiye anayeona, ndiye anayekamata, ndiye anayeamua kuachia, na mazingira ya namna hiyo yakikutana na mshahara mdogo kila mtu anajua yanazaa nini. Sheria isiyo na mlalamikaji wala kipimo ni mtaji wa anayeishika.

Maneno haya hatukuyatunga sisi. Kanuni za adhabu za Kenya na Tanganyika zilianza kutumika mwaka 1930, na vifungu hivi vimetoka Uingereza, kwenye sheria ya uzururaji ya mwaka 1824, iliyotungwa miaka michache baada ya vita vya Napoleon, wakati barabara za nchi hiyo zilipojaa wanajeshi wasio na kazi na maskini waliohama vijiji. Humo ndimo kahaba alipowekwa kwenye fungu moja la wazembe na wazururaji. Kifungu cha mwanamume anayeishi kwa mapato ya ukahaba nacho kilinakiliwa karibu neno kwa neno kutoka sheria yao ya mwaka 1898. Wenyewe wamekwishaigusa ya kwao. Mwaka 2009 waliondoa sharti la mtu kuwa kahaba kwenye kosa la kushawishi barabarani, wakaweka kigezo cha kurudia: angalau mara mbili ndani ya miezi mitatu. Sidai kwamba sheria yao ya sasa ni nzuri. Nasema tu kwamba waliona aibu ya kumshtaki mtu kwa sifa yake, na sisi tumebaki kuwatunzia nakala.

Kifungu hicho cha 1898 kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kenya ni cha 153, Tanzania ni cha 145. Kinamlenga mwanamume anayejua kuwa anaishi, kwa sehemu au kikamilifu, kwa fedha za ukahaba. Nia yake ni nzuri: kumbana mwanamume anayemkalia mwanamke kichwani na kumnyang'anya anachopata. Lakini cha Kenya kinasema pia kwamba mwanamume akithibitika kuishi na kahaba, au kuonekana naye mara kwa mara, itachukuliwa kuwa anakula mapato hayo mpaka yeye mwenyewe aithibitishie mahakama vinginevyo. Kijana wa miaka 19 anayesomeshwa chuo na mama yake anaingia humo mzima mzima. Dereva wa bodaboda aliyekubaliana na dada poa wawili awarudishe nyumbani kila alfajiri kwa usalama wao anaingia. Mwanya wa kutoka upo, lakini mzigo wa kuutafuta ni wa mshtakiwa, kinyume cha tulivyozoea kwenye jinai.

Cha wanawake, 154 kwa Kenya na 146 kwa Tanzania, kimekuwa na mkasa wake Malawi, nchi yenye kifungu cha 146 kinachotokana na chanzo kile kile. Wanawake 19 walishtakiwa huko kwa kuishi kwa mapato ya ukahaba, yaani mapato yao wenyewe, na mahakama ya hakimu ikawatia hatiani. Mwaka 2016 shauri likafika Mahakama Kuu ya Zomba mbele ya Jaji Zione Ntaba. Alifuta hatia hizo akisema kifungu kilikusudiwa kumlinda anayejiuza dhidi ya wanaomnyonya, hakikusudiwa kumfunga yeye kwa kula jasho lake. Hukumu ya Malawi haiwafungi mahakimu wa Kisutu wala wa Milimani. Lakini wakili anaweza kuiweka mezani, kwa sababu wanaosoma ni sentensi zile zile.

Danguro nalo. Vifungu vya 148 Tanzania na 156 Kenya vinamshika anayeweka nyumba, chumba au mahali popote kwa ajili ya ukahaba. Chumba kimoja kinatosha. Wanawake wawili wakichanga kodi ili mmoja awe sebuleni wakati mwenzake ana mteja, ili akisikia kelele apige simu, sheria inaona danguro, na mwenye nyumba aliyejua naye yumo. Anayekwepa kosa la danguro anatoka nje kwenye kosa la kuzurura. Anayekwepa kuzurura anarudi ndani peke yake, na mgeni asiyemjua. Mahakama ya Juu ya Canada ililiona hili mwezi Desemba 2013, na majaji wote 9 wakakubaliana kufuta vifungu vitatu kwa mpigo: cha danguro, cha kuishi kwa mapato, na cha kuzungumza biashara hadharani. Walisema kujiuza hakukuwa kosa nchini humo, na serikali haiwezi kuliacha jambo likiwa halali kisha ikakataza kila tahadhari inayomfanya mtu asiuawe akilifanya. Bunge la Canada halikufurahi. Mwaka uliofuata lilitunga sheria ya kumshika mnunuzi. Hoja ya majaji bado ina nguvu kwetu kuliko ilivyokuwa kwao, maana nasi tumeliacha tendo bila kulikataza.

Sasa niseme na mkazi wa mtaa. Mtu aliyejenga nyumba yake kihalali, akaamka siku moja akakuta kona ya geti lake imekuwa kijiwe, wateja wanapiga honi usiku kucha, kondomu zilizotumika ziko kwenye mtaro ambao watoto wanauvuka kwenda shule, huyo ana malalamiko ya kweli. Wanaharakati wengine humkejeli kama mnafiki, na hapo wanakosea. Lakini angalia anacholalamikia: kelele, uchafu, matendo ya aibu hadharani, usumbufu kwa wapita njia. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kukatazwa kwa mtu yeyote anayekitenda, na kinakatazwa tayari. Mteja anayepiga honi saa tisa usiku ana kosa la kero sawasawa na anayemwita. Sheria ikiandikwa kwa tendo, mkazi anapata usingizi wake na askari analazimika kusema aliona nini.

Juni 2024 uongozi wa wilaya ya Ubungo uliendesha msako wa wanawake waliodaiwa kujiuza, na mjadala ukawaka nchi nzima. Wengine walipongeza. Wengine waliuliza wanaume walikuwa wapi, swali la haki kabisa. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Kumpanga mtu mbele ya kamera, sura wazi, akiitwa kahaba na kiongozi wa serikali kabla hajasomewa shtaka, ni adhabu iliyotangulia kesi. Na ni adhabu kubwa kuliko faini yoyote ambayo hakimu angetoa, kwa kuwa faini hulipwa ikaisha.

Swali langu kwa misako hiyo ni jingine: kuwadi yuko wapi? Sheria za kumshika zipo, tena zina meno. Kenya, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, kifungu cha 17, inamshika anayemshawishi mtu kuingia kwenye ukahaba au kuendesha shughuli zake kwa faida, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5, au faini ya shilingi 500,000, au vyote. Ipo pia sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2010. Tanzania ina ya kwake ya mwaka 2008, na mabadiliko ya sheria za makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 yalikaza vifungu vya kuwatafutia watu wateja. Tatizo la sheria hizi ni kwamba zinadai kazi. Lazima ufuatilie miamala ya simu, ujue nani analipa kodi ya nyumba ya Masaki au Kilimani, nani ameshika pasipoti za wasichana, nani aliwatoa vijijini kwa ahadi ya kazi ya ndani. Lazima uwe na shahidi atakayesimama kizimbani, na shahidi huyo ni yule yule mwanamke uliyempakia kwenye karandinga wiki iliyopita. Ukishamfanya mshtakiwa hawezi kukuamini akakwambia jina la bosi wake.

Wakati huo huo wizara ya afya inamtafuta. Kenya, mpango wa taifa wa kudhibiti UKIMWI umekuwa ukiwafikia wanaouza ngono kama kundi maalumu, ukiwapa vipimo na kondomu. Kondomu ile ile ikikutwa kwenye pochi usiku inageuka kielelezo. Serikali moja, mikono miwili, na wa kulipa gharama ya kutoelewana kwao ni mwenye pochi.

Wapo wanaopendekeza tufuate Sweden, ambayo tangu 1999 inamwadhibu mnunuzi na kumwacha muuzaji. Kinadharia napenda kwamba inageuza kidole kwa mwenye fedha. Kwa mazingira yetu naona inaongeza mfuko wa pili wa kupekua: askari aliyezoea kupokea kutoka kwa mwanamke sasa atapokea na kwa mwanamume mwenye gari, ambaye atatoa zaidi ili jina lake lisitajwe. Njia ya Uganda haijaleta nafuu pia. Kuthibitisha kwamba mtu anafanya ukahaba kwa mazoea ni kazi ngumu, na hata nchi yenye kifungu cha miaka 7 bado imebaki na vifungu vya wazembe na wazururaji. Mwezi Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta sehemu ya vifungu vya uzururaji kwa sababu vinamkamata mtu kwa kushukiwa tu. Malawi walikuwa wamefanya hivyo Januari 2017.

Biashara yenyewe imeshahama. Mwenye simu nzuri na chumba cha kupanga kwa siku hasimami popote, anapanga kila kitu kwa ujumbe. Anayebaki kona ya barabara ni asiye na bando wala chumba. Kwa hiyo sheria ya barabarani, hata ikitekelezwa kwa uaminifu mtupu, inachuja kwa umaskini.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa maoni yake ya ushauri tarehe 4 Desemba 2020, baada ya kuombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Haikuzungumzia ukahaba moja kwa moja. Ilisema sheria za uzururaji zinazomwadhibu mtu kwa hali yake zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Kifungu cha 176 kimejaa makosa ya aina hiyo. Lakini maoni ya ushauri si hukumu, na Tanzania ilikwisha kuondoa mwezi Novemba 2019 tamko lililowaruhusu wananchi wake kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo.

Inabaki Mahakama Kuu ya nyumbani. Hapo nako kiliwekwa kizingiti: mabadiliko ya mwaka 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi yalimtaka anayefungua shauri la kikatiba Tanzania aape namna yeye binafsi alivyoathirika. Kwa mabadiliko hayo shirika la haki halikuweza kutangulia peke yake. Aliyetakiwa kusaini kiapo ni mwanamke aliyepigwa faini chini ya 176(a), kwa jina lake kamili, akubali jina hilo lisomwe mahakamani na kubaki kwenye kumbukumbu za mashauri. Kenya hakukuwekwa kikwazo hicho, ibara ya 22 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kufungua kesi kwa niaba ya wengine au kwa masilahi ya umma. Kazi ya mawakili wa Kenya ni ya namna nyingine: kosa la kusimama liko kwenye sheria ndogo, na kaunti ni 47.